Mbuzi ya Kuazima

Kabula, sauti yako ilifika saa nne asubuhi,
kwenu huko tayari saa tisa.
Niliisikiliza mara tatu nikiwa nimesimama uani,
simu sikioni kama redio ya zamani inayokoroma.
"Baba, si kazi. Ni wali tu, na kuku."
Wali tu!
Mtu aliyekaza nati za feri ya Kamanga miaka ishirini na saba
na hajawahi kukoroga hata uji.

Wali wenyewe unataka nazi,
na nazi hapa Mwanza ni mgeni wa lori,
huja imechoka, na bei yake haina haya.
Nilinunua mbili pale Mirongo, nikazitikisa sikioni
kama muuzaji alivyonielekeza.
Moja ilikuwa imeoza.
Nazi mbovu harabu ya nzima:
nikaitupa kabla hazijajuana.

Na mbuzi je? Kwa babu yako mbuzi ana kwato na ndevu.
Mama Tunu wa Pangani akaniletea ya kwake,
ya ubao, ulimi wa chuma umetoka nje,
akasema, "Ikalie, Mzee Lugembe, hii haikimbii."
Nikaikalia.
Ikakuna kidole gumba kabla ya nazi.
Mama yako, akimenya karanga barazani,
hakusema neno. Mabega yake ndiyo yaliyocheka.

Jani ulilolitaja silijui.
Nilimuuliza muuza mboga, nikamuuliza mwenye duka la viungo,
wakanitazama kama nimeulizia theluji.
Basi nikachuma mchaichai ukingoni mwa mtaro,
nikaupiga fundo, nikauzamisha katikati ya mchele wa Kahama,
tui likaufunika, moto nikaupunguza.
Ukiuliza, jani ni hilo.

Kuku nilimpaka manjano, tangawizi, saumu, chumvi,
nikamwacha saa nzima ajifikirie.
Manjano hayatoki, mwanangu.
Kucha hizi zilizozoea grisi
leo ni za bi harusi wa pwani.
Mafuta ya pamba yakampokea kwa makelele,
paka wa jirani akaja kushuhudia.

Halafu ukasema: dagaa.
Nikakumbuka ule mfuko wa Mwaloni
tuliouviringisha ndani ya kanga tatu,
ukabaki mikononi mwa watu wa forodha,
nawe ukalia simu nzima,
si kwa upweke, ulisema, kwa dagaa.
Kumbe huko wanao wa kwao, wa bahari,
wanawakaanga hadi walie menoni kama changarawe,
wanawavika pilipili, ukwaju na sukari.
Sukari, Kabula? Kwenye dagaa?
Niliweka kijiko kimoja.
Kisha, kwa kuwa umesema wewe, nikaweka cha pili.

Tulikula saa nane.
Tango, yai la kuchemsha, karanga za mama yako,
na dagaa wa ziwa letu wamevaa nguo za ugenini.
Mama Tunu alionja, akatikisa kichwa:
"Mtoto kavuka bahari nzima
kwenda kugundua wali wa nazi!"
Akasogeza sahani aongezwe.
Mama yako alisema chumvi imezidi.
Ilikuwa imezidi.

Sikupika kwa njaa. Ugali upo.
Ila kila jioni tunakuuliza umekula nini,
unatutajia jina, na jina halina harufu,
nasi tunaitikia "vizuri, vizuri,"
kisha simu ikikatika tunatazamana.
Sasa nafahamu walau kidogo:
nazi inatangulia kwa upole,
ukali unafuata nyuma, taratibu, kama mdai.

Ukoko nimeukwangua mwenyewe. Ulikuwa wako.
Mbuzi nimeiosha, nimeirudisha.
Lile jani nimelitafuna lote, na fundo lake,
nikidhani ni sehemu ya chakula.
Ukiamka, niambie kama huwa linatafunwa.